Bakshishi: ukiitoa, inafika kwa nani?

#1 Karani wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya bakshishi huishia kwenye asilimia. Kumi, kumi na tano, ishirini, na watu wanagombana hadi usiku. Mimi naona asilimia ni swali la pili. La kwanza ni hili: pesa ikishakutoka mkononi, inapita mikono mingapi kabla ya kumfikia aliyekuhudumia? Kama hulijui, hiyo hesabu ya asilimia unapiga ramli.

Msimamo wangu: taslimu, mkononi, baada ya huduma, na kwanza mhudumu aulizwe swali moja tu: "Hii unabaki nayo mwenyewe au mnagawana?" Jibu lake ndilo linaloamua kiasi na njia.

Leteni yenu. Wasiotoa kabisa nao waje na sababu zao.

#2 Bi Tausi

Umegusa penyewe, Karani. Ila kabla ya swali lako kuna hatua watu wanairuka: kusoma risiti. Angalia mstari ulio kati ya jumla ndogo (bei ya ulichoagiza kabla ya kodi) na kodi. Ukikuta "gharama ya huduma", hiyo si bakshishi hata kama inafanana nayo. Inaingia kwenye hesabu za mwenye biashara kwanza, halafu yeye ndiye anayeamua ishuke kiasi gani.

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iliweka vigezo 4 wazi katika uamuzi wake wa 2012: mteja atoe kwa hiari, kiasi akipange mwenyewe bila kuwekewa kikomo, kisiwe kimejadiliwa wala kuamriwa na mwajiri, na mteja awe na haki ya kuamua nani apokee. Kikikosekana kimojawapo, kuna shaka kama ni bakshishi. Ndiyo maana ile asilimia 18 inayobandikwa yenyewe mkiwa kundi la watu sita au zaidi, kisheria kule ni mapato ya biashara, na ikimfikia mhudumu inahesabiwa kama mshahara.

Wengi wanalipa hiyo, halafu wanaongeza nyingine juu. Si vibaya kama umekusudia. Vibaya ni kutojua.

#3 Mzee wa Risiti

Naunga mkono #2. Na kwa kuwa asilimia haiepukiki, tuifanye bila kikokotoo. Bili ni 840. Sogeza nukta: asilimia 10 ni 84. Nusu ya hiyo ni 42. Jumlisha, 126, hiyo ndiyo 15. Ukitaka 20, zidisha 84 mara mbili, 168. Basi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni mawili. Kwanza, watu wanapiga asilimia juu ya jumla yenye kodi. Mhudumu hakukuhudumia kodi. Piga kwenye jumla ndogo. Pili ni punguzo. Una kuponi ya nusu bei, bili ya 1,000 imekuwa 500, unapiga asilimia ya bakshishi juu ya 500. Sahani alizobeba ni zilezile, safari za jikoni ni zilezile. Anayepunguza bei ni mwenye duka, usimpunguzie mbebaji. Hesabu kwenye 1,000.

#4 Ndege Mnana

Mimi ni wa upande wa pili, na nasema kwa dhati. Sitoi. Mshahara ni wajibu wa mwajiri. Kila bakshishi inayotoka inampa mwajiri sababu ya kutopandisha. Bei iandikwe kamili, mtu alipwe kamili, tuagane kwa asante. Ufaransa bei inayoonyeshwa sharti iwe imeshajumuisha huduma, na watu wanakula vizuri tu. Ukiacha sarafu kidogo juu yake ni hiari yako, hakuna anayekukodolea macho.

#5 Kibatari

@Ndege Mnana, hoja yako ni nzuri ila inamwangukia asiye na kosa. Mahali ambapo sheria imeruhusu mshahara mdogo kwa sababu ya bakshishi, ukigoma kutoa humwadhibu mwajiri, unamwadhibu mhudumu. Marekani kima cha chini cha shirikisho kwa wanaopokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu 1996. Kima cha kawaida ni 7.25. Hiyo 5.12 iliyobaki inatakiwa itoke mfukoni mwa mteja.

Na wahenga walishasema: chanda chema huvikwa pete. Aliyekuhudumia vizuri mvishe.

#6 Mzee wa Risiti

Sahihisho dogo kwa #5. Hiyo 2.13 ilifikiwa 1991, wakati kima cha kawaida kilikuwa 4.25 na cha wahudumu kilikuwa nusu yake. Kilichotokea 1996 ni kwamba Bunge lilikata ile kamba: kima cha kawaida kikapanda, cha wahudumu kikaachwa palepale. Kwa hiyo ile nusu haipo tena, leo ni chini ya theluthi.

Jambo jingine, sheria inasema bakshishi zisipotosha kufika 7.25, mwajiri ajaze pengo. Tatizo ni jinsi inavyohesabiwa: si saa kwa saa wala siku kwa siku, ni kwa wiki nzima ya kazi. Jumamosi yenye wateja wengi inafunika Jumatatu iliyokuwa kavu. Mhudumu akifanya kazi saa sita Jumatatu bila bakshishi yoyote, halafu akapata nyingi Jumamosi, pengo la Jumatatu halidaiwi.

#7 Kibatari

Nimekosea mwaka, asante Mzee.

#8 Ndege Mnana

Hapo hapo sasa. Kama sababu ni mshahara mdogo, twende tuipime. Kuna majimbo 7 ya Marekani yasiyoruhusu kabisa wahudumu kulipwa chini ya kima cha kawaida kwa sababu ya bakshishi: Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington. Mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi. Je, wateja wa huko wameacha kutoa? Hawajaacha. Basi mshahara mdogo siyo unaowafanya watu watoe. Ni kisingizio kilichokuja baadaye, desturi ilikuwa imeshakomaa.

Na jimbo la Washington liliwahi kuipiga marufuku bakshishi kwa sheria, 1909. Ikafutwa 1913. Desturi ilikuwa na nguvu kuliko sheria.

#9 Bi Tausi

@Ndege Mnana umenisaidia bila kujua. Sababu halisi ni macho ya watu. Mtu anatoa ili asionekane bahili mbele ya mwenzake wa mezani, au mbele ya mhudumu mwenyewe aliyesimama pale.

Na @Kibatari, ile pete yako haiendi kwenye chanda chema. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell ametafiti bakshishi kwa miaka mingi, na alichokuta ni kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na ukubwa wa bakshishi upo, lakini ni mdogo mno. Kinachoongoza ni ukubwa wa bili. Vitu vidogo visivyohusu ubora navyo vinasogeza kiasi: mhudumu kuchutama hadi usawa wa macho ya mteja, kujitambulisha kwa jina, kuweka peremende pamoja na bili. Hizo zote zimepimwa na watafiti. Huduma ni ileile, pesa inaongezeka.

#10 Mtoro wa Hesabu

Mimi nadhani nyote mnatafuta sababu moja wakati zipo kadhaa kwa mtu mmoja. Kwa kinyozi wangu wa kila mwezi natoa ili mara ijayo anikumbuke. Hiyo ni akiba. Kwa dereva wa mji nisioutarajia tena, hiyo haipo, pale nashukuru tu. Ukisema "watu wanatoa kwa sababu fulani" tayari umekosea.

#11 Bi Tausi

Dereva wa mji usiourudia anakuona usoni bado. Jiulize ungetoa kama malipo yangekuwa kwenye sanduku nje ya mlango.

#12 Fundi Saa

Turudi kwenye swali la mleta mada, maana limeachwa njiani. Pesa inapita mikono mingapi? Mifumo niijuayo ni mitatu.

Wa kwanza, kila mtu na chake. Ulichompa ni chake.

Wa pili, kapu la pamoja kwa pointi. Mfano: zamu imekusanya 480. Wahudumu watatu, kila mmoja pointi 10. Wasaidizi wawili wa kuondoa vyombo, pointi 5 kila mmoja. Mtu wa kaunta ya vinywaji, pointi 8. Jumla pointi 48, kila pointi ni 10. Mhudumu anapata 100, msaidizi 50, kaunta 80. Aliyefanya nusu zamu pointi zake zinakatwa nusu kabla ya kugawanya, siyo baada. Ukikata baada, inabaki pesa isiyo na mwenyewe, na pesa isiyo na mwenyewe huwa inampata mwenyewe.

Kinachoharibika kwenye kapu ni vitu vya kawaida tu: pesa inahesabiwa na mtu mmoja chumba cha nyuma, msimamizi anajipa pointi, karatasi ya saa inajazwa kwa kukumbuka. Dawa yake ni watu wawili wahesabu mbele ya wenzao, jumla iandikwe kwenye daftari, kila mtu atie saini pembeni ya kiasi chake, na daftari libaki mahali ambapo yeyote wa zamu anaweza kulifungua. Zamu ya kesho isifungue kapu la leo.

Wa tatu ndio wateja wengi hawaujui, na una uchungu. Mhudumu anatoa sehemu kwa wasaidizi kwa kufuata *mauzo* yake, siyo bakshishi yake. Tuseme ni asilimia 3 ya mauzo. Meza yako imekula 1,000, hukuacha kitu. Yeye anadaiwa 30 kwa wasaidizi hata hivyo. Amekuhudumia kwa kulipia. @Ndege Mnana, hapo ukigoma hujatoa sifuri, umetoa hasi.

#13 Ndege Mnana

Hilo la #12 nalipokea. Lakini mbona linathibitisha hoja yangu? Mfumo unaomfanya mfanyakazi alipie mauzo ya bosi wake ni wa kuvunja, siyo wa kuuchangia.

#14 Fundi Saa

Uvunje kwa kura na kwa chama cha wafanyakazi. Usiuvunje mezani, pale atakayeumia ni mmoja.

#15 Karani wa Zamu

Fundi Saa, na jikoni? Aliyepika mbona hayumo kwenye pointi zako?

#16 Mzee wa Risiti

Nijibu kidogo #15. Inategemea sheria ya mahali. Marekani tangu marekebisho ya 2018, mwajiri anayewalipa watu wake wote kima kamili anaweza kuingiza wapishi na waosha vyombo kwenye kapu. Anayetumia ile 2.13 hawezi. Na mwajiri, meneja au msimamizi haruhusiwi kuchukua kutoka kwenye bakshishi za wafanyakazi wake, chini ya mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Uingereza wana sheria ya 2023 iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024: bakshishi yote iwafikie wafanyakazi bila makato zaidi ya kodi, ifike kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule uliolipwa, na kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Hata gharama ya huduma imo, @Bi Tausi. Hapo ni tofauti na Marekani.

#17 Bi Tausi

Nimelipenda hilo. Ila haihusu Ireland ya Kaskazini, ni England, Wales na Scotland. Tusije tukampotosha mtu aliye Belfast.

#18 Shuka Nyeupe

Mnazungumza mezani tu. Anayesahaulika kuliko wote ni msafishaji wa chumba cha hoteli, kwa sababu mara nyingi hamuonani. Naweka mambo yake.

Acha kila asubuhi, usisubiri siku ya kuondoka. Wasafishaji wanabadilishana zamu. Aliyekusugulia bafu siku nne anaweza kuwa na mapumziko siku ya tano, na furushi lako zima likaenda kwa aliyekuja kutandika mara moja.

Weka na karatasi. Maneno machache: "Kwa msafishaji wa chumba, asante." Bila karatasi, msafishaji mwaminifu hatagusa, maana pesa iliyolala chumbani kwa mgeni ni pesa ya mgeni, na kuichukua kunaweza kumfukuzisha kazi. Usiiache kati ya vitu vyako wala kwenye meza yenye saa na chaja. Weka juu ya mto, au kando ya sinki pakiwa pakavu, karatasi juu, noti chini, ukingo wa noti ukionekana.

Na usiache sarafu za nchi yako ukiwa ugenini. Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida yanapokea noti tu. Sarafu hizo atazihifadhi kwenye kopo na hazitamnunulia chochote. Kama huna fedha ya pale, bora noti moja ndogo ya fedha inayobadilishika.

#19 Kibatari

Hii ya sarafu nimeichukua. Na wabeba mizigo je?

#20 Shuka Nyeupe

Kwa begi, siyo kwa safari. Mabegi manne mazito siyo sawa na moja. Mpe mizigo ikishawekwa chini chumbani, usimpe mlangoni wakati mikono yake imejaa. Na chenji uwe umeipasua mapema. Kumwonyesha mtu noti kubwa halafu kumwambia "nirudishie" kunamweka pabaya, haruhusiwi kila mara kutembea na pesa zake kazini.

#21 Mtoro wa Hesabu

Hakuna aliyegusa mashine za kadi, na ndiko pesa nyingi zilikohamia.

Skrini inakugeukia na vitufe vitatu. Mambo ya kukagua kabla hujabonyeza: asilimia imepigwa juu ya nini? Bili 100, kodi 10, kitufe cha 20 kinaonyesha 22. Maana yake imehesabiwa pamoja na kodi, kosa lile la #3. Tafuta kitufe cha "kiasi kingine", mara nyingi kipo chini na kwa maandishi membamba. Pili, cha katikati kimewekwa pale kwa makusudi, watu wengi hupendelea katikati. Tatu, kuna mashine inayoomba bakshishi hata mahali ambapo umejichukulia bidhaa rafuni mwenyewe. Pale bonyeza "hapana" bila wasiwasi.

Kwa risiti ya kusaini: kama unatoa taslimu, usiache mstari wa bakshishi wazi. Piga mstari au andika "taslimu", halafu andika jumla kwa tarakimu. Nafasi iliyo wazi mtu anaweza kuijaza. Piga picha nakala yako. Usishangae benki ikionyesha kiasi kidogo usiku ule na kikubwa kesho yake: kwanza inazuia bili tu, bakshishi inaongezwa zamu ikifungwa.

Na jibu kwa Karani: ya kadi inapita mikono zaidi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kukata ada ya kadi kutoka kwenye bakshishi, California inamkataza. Taslimu haina ada.

#22 Ndege Mnana

Taslimu haina ada, lakini haina ushahidi pia. Pesa ya kadi ina rekodi. Meneja akiila, inaweza kufuatwa. Ya mkononi ikiingia kapu la #12 na kapu likavuja, nani atajua? Kwa asiye na ulinzi, rekodi ni ulinzi.

#23 Karani wa Zamu

Hilo lina uzito. Sikulifikiria hivyo.

#24 Mwana wa Tenga

Naleta jambo la lugha, mnivumilie. Bakshishi imetoka Kiajemi, maana yake zawadi. Sisi tuna maneno mengine ya kila siku: chai, ya soda, ya maji. Shida ni kwamba "chai" hiyohiyo ndiyo rushwa. Mkono mtupu haulambwi, na mithali hii inatumika kwa yote mawili.

Naona mpaka uko kwenye mambo matatu. Wakati: baada ya huduma, au kabla ili uhudumiwe? Haki: huduma hiyo ulikuwa na haki nayo bila malipo? Uwazi: unaweza kumpa mbele ya bosi wake? Mhudumu wa meza anapita kote. Karani wa ofisi ya umma hapiti, hata ukimpa baada. Muuguzi wa hospitali ya umma vilevile. Andika barua ya shukrani kwa mkuu wake, hiyo inaingia kwenye faili lake.

#25 Mtoro wa Hesabu

Basi bakshishi ya kwenye programu za kuletewa chakula iko upande gani? Unaiweka kabla chakula hakijaondoka, na kwenye programu nyingi dereva anaona jumla kabla ya kukubali kazi. Ukiweka sifuri, oda inazunguka bila mchukuaji na chakula kinapoa. Kwa kigezo cha wakati, hiyo ni kama mnada.

Na kuna wateja wanaweka kiasi kikubwa ili wachukuliwe haraka, halafu wanakishusha chakula kikishafika. Hao wanamwibia mtu petroli. Kama hutaki kulipia kabla, weka kiasi cha wastani na umalizie mlangoni kwa mkono.

#26 Mwana wa Tenga

Umenikwamisha. Kwa kigezo changu ingekuwa upande wa rushwa, lakini dereva hana wajibu wa kuikubali oda hiyo, kwa hiyo kigezo cha haki kinamtoa. Labda tuiite nyongeza ya nauli.

#27 Kibatari

Japani je? Nasikia ukiacha pesa mezani wanakukimbiza kuirudisha.

#28 Shuka Nyeupe

Wanaweza kweli, wakidhani umesahau. Mezani usiache. Lakini si kwamba desturi haipo kabisa: kwenye nyumba za wageni za kienyeji, ryokan, wapo wanaompa mhudumu wa chumba pesa mwanzoni mwa ukaaji, noti safi ndani ya bahasha. Inaitwa kokorozuke. Noti mkononi bila bahasha ni utovu wa adabu.

#29 Ndege Mnana

Inatolewa mwanzoni, @Mwana wa Tenga. Kigezo chako cha wakati kimeanguka tena.

#30 Mwana wa Tenga

Kimeyumba, hakijaanguka. Bahasha ile haibadilishi huduma.

#31 Bi Tausi

Na nani atathibitisha kwamba haibadilishi? Tumerudi kwangu: macho ya watu.

#32 Fundi Saa

Karani, wewe ndiye uliyefungua. Baada ya #22, bado ni taslimu?

#33 Karani wa Zamu

Bado, ila nimeongeza swali. La kwanza ni lilelile, "unabaki nayo au mnagawana?" Akisema wanagawana, la pili: "nani anahesabu?" Akitaja wenzake, taslimu. Akitaja meneja, kadi, na picha ya risiti. Mwenye njia bora ya kumuuliza bila kumweka mashakani mbele ya bosi wake aiweke hapa, hiyo bado sijaipata.